UZI: Tope linalotoroka karoni ndilo linaloua shimo la kufyonza majitaka

Mwanzisha uzi

Heshima kwenu wakuu. Kila masika yanapokaribia, malalamiko ya aina moja hurudi humu jukwaani: choo cha ndani kinabubujika, chemba ya nyuma ya jiko inamwaga maji uani, gari la kunyonya lilikuja juzi tu na tayari hali ni ile ile. Majibu huwa mafupi, ama "chimba jingine" ama "ita gari tena", na mwenye nyumba huishia kulipa mara mbili bila kujua tatizo liko wapi. Mimi ni fundi bomba na kazi zangu nyingi ziko upande wa Ubungo na Kinondoni. Kwa kuwa sehemu kubwa ya nyumba za Dar es Salaam hazijafikiwa na mtandao wa majitaka, naomba nieleze kwa kirefu ni nini hasa kinachoua shimo la kufyonza, na kwa nini ulinzi wake hauanzii kwenye shimo lenyewe.

Mfumo wa kawaida wa nyumbani una sehemu mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni karo, yaani tanki la septiki, ambalo ni sanduku la zege au la matofali yaliyopigwa lipu lisivuje, na ambalo likijengwa vizuri huwa na vyumba viwili, cha kwanza kikichukua takriban theluthi mbili ya ujazo wote. Ya pili ni shimo la kufyonza, ambalo mafundi wengi huliita sokawei, lenye kuta za matofali yaliyopangwa kwa kuachiwa mianya, kokoto nyuma ya kuta hizo, na chini likiwa udongo mtupu. Karo halikujengwa ili kupoteza maji. Kazi yake ni kuyatuliza, kwa walau saa 24 hivi, ili vitu vizito vizame na kuwa tope, mafuta na povu la sabuni viinuke na kuwa ukoko juu, na katikati yabaki maji ya kijivu yasiyo na vipande. Maji hayo ya katikati ndiyo pekee yenye ruhusa ya kwenda kwenye shimo la kufyonza.

Kutokana na hilo, karo zima lenye afya huwa limejaa maji siku zote, mpaka usawa wa bomba la kutokea. Mwenye nyumba anayefunua mfuniko, akaona maji yako juu na kutangaza kwamba "limejaa", anaangalia kitu kisicho na habari yoyote. Kinachotakiwa kujulikana ni unene wa tope lililolala chini ya maji hayo na unene wa ukoko ulio juu yake, kwa sababu kadiri viwili hivyo vinavyonenepa ndivyo nafasi ya maji kutulia inavyopungua, hadi siku maji yanapoingia upande mmoja na kutokea upande wa pili yakiwa yamebeba tope.

Tope hilo likifika kwenye shimo la kufyonza, ndipo uharibifu unapofanyika. Kwenye ukuta wa udongo, mahali maji yanapopenyea, bakteria hujenga utando mweusi unaoteleza. Utando huo ukiwa mwembamba una faida kubwa, kwani unachuja vimelea kabla maji hayajaingia ardhini. Lakini ukilishwa mafuta na vipande vya tope kila siku, unanenepa hadi maji yanashindwa kuupita, na udongo ulio nyuma yake unaweza kuwa mkavu kabisa huku shimo likifurika. Nimechimba kando ya mashimo ya namna hiyo: unakata udongo mwekundu, mkavu, unaovunjika mkononi, kisha hatua moja tu kabla ya tofali unakutana na tabaka jeusi kama grisi, lenye harufu ya yai viza. Ardhi ilikuwa bado ina nafasi ya kunywa maji. Mlango wake ndio uliokuwa umezibwa.

Sasa tazameni tunavyofanya wengi wetu. Tunangoja hadi maji yatoke kwenye chemba, ndipo tunapiga simu. Gari linafika, kijana anafungua mfuniko ulio karibu na geti, ambao mara nyingi ni wa shimo la kufyonza, anatumbukiza mpira, anavuta maji, tanki lake linajaa, analipwa na kuondoka. Maji yamepungua, familia imepumua, lakini lile tope lililosababisha yote bado limelala karoni, na kuanzia jioni ile ile linaendelea kutoroka kwenda kuziba ukuta wa shimo. Kunyonya shimo la kufyonza huku karo likiachwa ni kulipia tatizo lirudi.

Jambo la kukagua kwanza, kabla hata ya kufikiria gari, ni T ya kutokea, yaani kiungio cha bomba chenye umbo la herufi T mahali maji yanapotokea karoni. Funua mfuniko wa chumba cha pili cha karo, umulike kwa tochi ukiwa umesimama pembeni, uangalie bomba linalopeleka maji kwenye shimo la kufyonza. Pale unapaswa kuona T ya inchi 4 iliyosimama, mdomo wake wa juu ukiwa wazi juu ya ukoko, na mguu wake wa chini ukiwa umezama takriban theluthi moja ya kina cha maji. Umbo hilo ndilo linalolazimisha maji ya katikati peke yake yatoke. Katika nyumba nyingi ninazoitwa hakuna T hata moja. Bomba limekatwa sawasawa na ukuta, na mafuta yanayoelea yanapita moja kwa moja bila kizuizi. Mahali pengine T ilikuwepo lakini gundi haikupakwa, ikachomoka na kuzama. Bei ya T na kipande cha bomba haifikii hata sehemu ndogo ya tripu moja ya gari, na sijui kwa nini kifaa hiki ndicho cha kwanza kufutwa mwenye nyumba anapoomba apunguziwe gharama.

Jambo la pili ni kupima tope, na kipimo chake hakihitaji mtaalamu. Chukua mti mnyoofu unaofika sakafu ya karo na kubaki nje wa kutosha kushika, uvishe kitambaa cheupe cha taulo kuanzia chini hadi zaidi ya nusu, ukikaze kwa waya mwembamba. Ushushe taratibu kupitia ndani ya T au mahali pasipo na ukoko, uuache dakika chache ukiwa umegusa sakafu, kisha uutoe bila kuutikisa. Sehemu iliyokuwa kwenye maji itakuwa imelowa tu, na iliyokuwa kwenye tope itakuwa na chembe nyeusi zilizong'ang'ania nyuzi za taulo, na mpaka kati ya viwili hivyo huonekana wazi kabisa. Tope likifika theluthi moja ya kina cha maji, ni wakati wa gari. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linatumia kipimo kingine kinachofikisha mahali pale pale: nyonya ikiwa uso wa tope umebakiza sentimita 30 kufikia mdomo wa chini wa T ya kutokea, au ikiwa upande wa chini wa ukoko umebakiza sentimita 15 tu kuufikia mdomo huo.

Watu huniuliza ni baada ya miaka mingapi. Shirika hilo hilo linashauri mfumo ukaguliwe kila miaka 3 na kunyonywa kila miaka 3 hadi 5, ila ushauri huo unachukulia karo lenye ukubwa wa kutosha na familia ya wastani. Kanuni ya zamani ya Waingereza ya kukadiria ukubwa ilikuwa lita 180 kwa kila mtu, ukijumlisha lita 2,000, maana yake nyumba ya watu 6 inahitaji karo la lita 3,080 hivi. Wengi wetu tumejenga chini ya hapo, halafu nyumba iliyochorwa kwa watu watano inalea watu kumi, wakiwemo wapwa waliokuja kusoma. Kwa hiyo pima kila mwaka, na mti utakwambia ratiba ya nyumba yako.

Yapo pia mambo yanayoingizwa karoni ambayo hayaozi kabisa: pedi, nepi, vitambaa vya kufutia watoto hata vile vilivyoandikwa kwamba vinaruhusiwa chooni, kondomu, nyuzi za nywele, na mchanga wa kusugulia masufuria. Mchanga na majivu hasa husahaulika. Bakteria hawana la kufanya navyo, na kila kijiko kinachozama kinachukua nafasi ya maji mpaka siku gari litakapokitoa. Mafuta ya kupikia nayo ni adui wa peke yake, na nyumba inayokaanga maandazi au samaki wa biashara haina budi kujenga kichemba cha kunasa mafuta kati ya sinki na karo, chenye T yake ndogo, na kukitoa utando kila wiki kabla haujawa mgumu.

Kuhusu maji yenyewe, yanaua kwa wingi wake wa ghafla. Kufua nguo za wiki nzima Jumamosi moja kunasukuma mamia ya lita kupita karoni kwa saa chache, na tope linatibuliwa. Ni afadhali kugawa siku. Bomba la maji ya mvua kutoka kwenye gata halitakiwi kuunganishwa na chemba ya choo kwa namna yoyote ile, na naandika hivyo kwa sababu nimeshakuta zaidi ya nyumba moja ambako mteremko ulikuwa rahisi upande huo na fundi akaunganisha. Tanki la kuflashi linalovuja polepole ndani ya bakuli linaweza kupoteza hadi lita 750 kwa siku, zaidi ya zinazotumiwa na familia nzima katika nyumba nyingi. Tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tanki la kuflashi, usiflashi kwa nusu saa, na ukiona rangi imeshuka kwenye bakuli, badilisha mpira wa ndani.

La mwisho katika maelezo haya, na ni la lazima: asiingie mtu ndani ya karo wala shimo, hata kama limenyonywa, hata kama ni kwa dakika moja kuokota T iliyoanguka. Mle ndani kuna gesi ya hidrojeni salfaidi, ambayo ikiwa kidogo hunuka yai viza na ikizidi huifanya pua isisikie harufu yoyote, hivyo mtu hudhani hewa ni safi. Anayeshuka kumwokoa wa kwanza huanguka juu yake. Mfuniko nao uwe wa zege au chuma usiopasuka, kwa sababu watoto huchezea pale pale.

Karibuni kwa maswali.

Mdau wa Tabata

Asante sana fundi kwa somo. Mimi jirani yangu alinishauri nitie hamira pakiti kadhaa kila mwezi, na mwingine akasema samadi mbichi ya ng'ombe ndiyo dawa. Barabarani pia vijana wanauza unga wanaodai unayeyusha choo, na kwamba ukiutumia huhitaji gari maisha yako yote. Je, kuna ukweli wowote?

Mwanzisha uzi

Mkuu, kinyesi cha binadamu kinakuja na bakteria wake wa kutosha, kwa hiyo karo linaloingiziwa choo kila siku halihitaji kuanzishwa wala kuongezewa. Samadi inaongeza majani yaliyotafunwa, ambayo ni tope jingine. Hamira haina madhara makubwa, lakini haitayeyusha mchanga wala pedi, na pesa yake ni heri ukaandalia maandazi. Unga wa barabarani unanitia hofu zaidi. Baadhi ya dawa za namna hiyo ni kostiki soda iliyobadilishwa jina. Nyingine huvunja ukoko wa mafuta na kuufanya uchanganyike na maji, na hapo mwenye nyumba huona ukoko umepotea na kufurahi, kumbe umehamia kwenye ukuta wa shimo la kufyonza, mahali ambapo gari haliwezi kuutoa. Tope hupungua kidogo kwa kuoza lenyewe, lakini sehemu kubwa hubaki, na hakuna kinachoiondoa isipokuwa mpira wa gari.

Dawa ya kusafishia choo na madoa unaweza kuitumia kwa kiasi cha kawaida. Kumwaga chupa nzima kwa wakati mmoja, au asidi ya betri kama wanavyofanya wengine choo kinapoziba, kunaua bakteria na kula zege la karo.

Mdau wa Kimara, fundi mwashi

Mwanzisha uzi, nakubaliana nawe kuhusu T, ila naona umelitupia karo lawama zote. Huku kwetu vilimani udongo ni mfinyanzi mzito. Nimejenga karo zuri lenye vyumba viwili na T zote mbili, ya kuingilia na ya kutokea, na bado shimo la kufyonza lilijaa masika ya kwanza kabla tope halijapata hata muda wa kujikusanya. Mteja ananilaumu mimi, na ukweli ni kwamba ardhi haikunywa tangu siku ya kwanza. Mimi nashauri watu wapime ardhi kabla ya kuchimba, na wajenge mashimo mawili badala ya moja.

Mwanzisha uzi

Hoja yako ni nzito, fundi mwenzangu, na inastahili nafasi yake. Kuna mashimo yanayozeeka na kuna mashimo yaliyozaliwa wagonjwa. Kwa anayejenga sasa, kipimo cha ardhi ni hiki: chimba kishimo chenye upana wa sentimita 30 hivi hadi kina unachokusudia, ukijaze maji na kukiacha usiku kucha ili udongo ushibe kama unavyoshiba wakati wa masika, kisha kesho yake utie maji tena na upime kwa saa. Ikiwa maji yanachukua zaidi ya saa nzima kushuka sentimita 2.5, udongo huo haufai kwa shimo la kawaida, na itakubidi uongeze eneo kwa kuchimba mitaro mirefu ya kina kifupi yenye kokoto na bomba lenye matundu, au ufikirie mfumo mwingine kabisa. Watu wengi hupima wakati wa kiangazi kwenye udongo mkavu wenye nyufa, maji yanapotea kwa dakika chache, wanafurahi, na Aprili inawaumbua.

Kuhusu mashimo mawili, naunga mkono kwa asilimia mia. Weka chemba ya kugawa baada ya karo, yenye mabomba mawili ya kutokea, na uzibe moja kwa kifuniko cha kuchomeka. Shimo la kwanza litumike mwaka mmoja, kisha hamisha kifuniko. Lile linalopumzika hukauka, hewa huingia, na bakteria wanaohitaji hewa hula ule utando mweusi uliojengwa na wenzao wasioihitaji. Baada ya miezi sita hadi mwaka, ukuta hurudisha sehemu kubwa ya uwezo wake. Lakini mashimo mawili yanayojazwa kwa pamoja hayapati faida hiyo, na mafundi wengi huyajenga yakiwa yamefuatana, la kwanza likimwagia la pili, jambo ambalo linachelewesha tu siku ya kuziba.

Mdau wa Kigamboni

Shikamoo fundi. Mimi naishi Kigamboni si mbali na bahari. Wakati wa masika ukichimba mita moja na nusu unakuta maji. Gari lilinyonya shimo likawa tupu kabisa, asubuhi yake likawa limejaa tena ingawa hatukutumia maji usiku. Nikamwita fundi, akaniambia tuchimbe zaidi kwenda chini.

Mwanzisha uzi

Marahaba. Usichimbe kwenda chini hata kwa dawa. Shimo lako linajazwa na maji ya ardhini yanayoingia kwa mianya ile ile inayotakiwa kutolea, na gari ulilolipia lilisomba maji ya chini ya ardhi ya mtaa mzima. Sakafu ya shimo la kufyonza inapaswa kuwa walau mita 2 juu ya usawa wa maji ya ardhini ulivyo wakati wa mvua, ili majitaka yapite kwenye udongo wenye hewa kabla ya kuyafikia. Shimo linalozama ndani ya maji hayo halifyonzi, na majitaka yake yanachanganyika moja kwa moja na maji ya visima vya majirani.

Kwa hali ya kwako, njia ni kwenda juu na pembeni: mitaro mifupi kwa kina, mipana kwa eneo, ndani ya kichuguu cha mchanga kilichoinuliwa juu ya ardhi ya asili, hata kama italazimu pampu ndogo ya kupandishia maji kutoka karoni. Kupanda migomba kuzunguka eneo hilo kunasaidia kwa kiasi chake, kwa kuwa mgomba ni mnywaji mkubwa wa maji. Na jambo moja la hatari kwa wenye makaro ya plastiki maeneo ya namna hiyo: msinyonye karo likabaki tupu katikati ya masika. Maji ya ardhini hulisukuma kutoka chini na linaweza kuinuka, likavunja mabomba yote yaliyounganishwa nalo. Nyonyeni Januari au Februari, na mlijaze maji safi mara moja baada ya gari kuondoka.

Mdau wa Mombasa

Nimefuata uzi huu kwa makini. Huku kwetu Pwani ya Kenya shida ni kinyume cha ya ndugu wa Kimara. Ardhi ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na shimo halijai hata miaka ishirini. Watu hujisifu kwamba mashimo yao hayajawahi kuona lori la kunyonya. Nauliza kama kweli hilo ni jambo la kujisifia, kwani nyumba nyingi hapa hutumia maji ya kisima.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, umegusa jambo ambalo wengi hatutaki kulisikia. Shimo lisilojaa ndani ya jiwe lenye matundu halifyonzi kwa maana tunayoijua, bali linapitisha. Hakuna udongo wa kuchuja, hakuna utando wa bakteria, na vimelea vinaweza kusafiri kwa kasi hadi kisimani. Umbali wa mita 30 kati ya shimo na kisima, unaotajwa kwenye miongozo mingi, unategemea udongo wa kawaida. Kwenye matumbawe yenye nyufa nisingeuamini. Huko karo lenye vyumba viwili na T imara lina umuhimu maradufu, na chini ya mitaro ya kufyonzea inafaa kuwekwa tabaka nene la mchanga ili lifanye kazi ambayo jiwe haliwezi kuifanya. Maji ya kisima ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini bila kujali yanavyong'aa.

Mdau wa ughaibuni, Maryland

Habari za nyumbani. Nimenunua nyumba nje kidogo ya mji huku Marekani, na zaidi ya nyumba moja kati ya tano nchini humu hutumia karo kama ninyi. Tofauti ni kwamba hatuna shimo, tuna uwanja wa mitaro chini ya majani, na karo letu lina kichujio cha plastiki ndani ya T ya kutokea. Je, kichujio hicho kinaweza kufungwa huko Bongo? Pia niongeze kwamba huku ni marufuku kuegesha gari juu ya uwanja huo, na dalili ya kwanza tunayofundishwa kuangalia ni majani kustawi kupita kiasi sehemu moja wakati wa kiangazi.

Mwanzisha uzi

Asante kaka kwa mchango. Kichujio kinafanya kazi popote penye T ya inchi 4, ila kina sharti moja: lazima kitolewe na kuoshwa kwa mpira wa maji, maji ya kuoshea yakirudi karoni, kila unapokagua. Kikisahauliwa kitaziba na kurudisha majitaka ndani ya nyumba. Kwa mtazamo wangu hilo si kasoro, kwani ni heri choo kikulalamikie mapema kuliko ukuta wa shimo kufa kimyakimya. Suala la gari nalo ni la kweli hapa kwetu. Magurudumu hukandamiza udongo na kuondoa nafasi za hewa, na nimeona nyumba nzuri ambazo ua wote umewekwa pevingi hadi juu ya mifuniko, kiasi kwamba siku ya dharura hakuna anayejua karo liko wapi. Chora ramani ukiwa bado unakumbuka, na mifuniko ifikike bila nyundo.

Mizizi pia isisahaulike. Miti ya jamii ya mkuyu, pamoja na ile ya mapambo ya jamii hiyo hiyo inayopandwa kando ya uzio, hufuata unyevu na kuingia kwenye kiungio chochote cha bomba.

Mdau wa Goba

Fundi, naomba unisaidie kwa hatua za siku yenyewe. Shimo langu la kufyonza tayari limeziba, na mama mwenye nyumba jirani ananishauri nisubiri mvua kubwa nitapishe, yaani nifungulie majitaka yaende na maji ya mvua, kama wanavyofanya wengine mtaani. Sitaki. Nimwambie nini mwenye gari, na baada ya hapo nifanye nini?

Mwanzisha uzi

Dada, umefanya vyema kukataa. Kutapisha ni kuwamwagia majirani kipindupindu, na ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009.

Ukimpigia mwenye gari, mwambie kabisa kwamba unataka karo linyonywe, na uwe umeshafunua mifuniko ya vyumba vyote viwili kabla hajafika. Aanze na chumba cha kwanza. Maji yakishashuka, mwombe arudishe kiasi cha maji kutoka kwenye tanki lake kwa msukumo ili tope la chini litibuke, kisha avute tena, na arudie hadi mpira uanze kunyonya kitu kizito kama uji. Ukoko uvunjwe kwa mti mrefu na uvutwe wote. Atanung'unika, kwa sababu tope linachukua muda, lakini hiyo ndiyo kazi unayomlipia. Usikubali apitie kwenye bomba la kukagulia lenye upana wa inchi 4, maana mpira hautafika pembeni. Muulize pia anamwaga wapi. Kwa Dar es Salaam, jibu la kawaida ni mabwawa ya Vingunguti, na anayesitasita kujibu muache aende zake.

Karo likiwa tupu, kabla ya kufunika, mulika T ya kutokea na ukuta wa kati wewe ukiwa umesimama nje. Kama T haipo, fundi anaweza kuiunganisha kutokea juu akiwa amelala kifudifudi pembeni, au kwa kufukua bomba upande wa nje. Shimo la kufyonza nalo linyonywe, lakini baada ya karo. Kisha lipumzishe: chimba shimo jipya au mtaro wa kokoto upande mwingine wa ua, weka chemba ya kugawa, na uelekeze maji yote huko hadi baada ya vuli. Usimruhusu mtu yeyote ashuke kukwangua ukuta. Mwakani ufunue la zamani, ulitie maji ya ndoo kadhaa, na uangalie yanashuka kwa kasi gani. Likinywa vizuri, hamisha kifuniko na ulipe nafasi lile jipya lipumzike.